Fumbo la Maneno la Vyombo vya Majini: Mwongozo Kamili wa Kulitunga na Kulifumbua Ukiwa Bukavu

Mtu wa Bukavu, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Kivu, akisema "Kivu ya Kusini", ametaja upepo wa Bahari ya Hindi. Akisema "Kivu ya Kaskazini", ametaja wa pili. Kusi ni upepo unaovuma kutoka kusini takriban Aprili hadi Septemba. Kaskazi huvuma kutoka upande wa pili, takriban Desemba hadi Machi. Mabaharia wa pwani walipanga safari zao kwa pepo hizo mbili, na lugha ikazigeuza kuwa majina ya pande za dunia. Kwa hiyo msomaji wa hapa si mgeni kabisa wa msamiati wa bahari. Ana vipande vyake mdomoni, ila hajaonyeshwa vinakotoka.

Hata hivyo, pengo lipo. Ziwa Kivu halina kupwa na kujaa kunakoonekana, halina misimu ya kusi na kaskazi, na vyombo vyake vingi huenda kwa kasia au kwa mashine, si kwa tanga. Msomaji anajua pirogi, mtumbwi, boti, kano rapidi (boti ya mwendo kasi), wimbi, nauli na sambaza (dagaa wa Kivu). Hajui amari, henza wala farumi. Fumbo linalosahau jambo hilo huachwa nusu, na anayeliacha huamini kwamba Kiswahili chake ni kibovu, kumbe mtungaji ndiye aliyekosea. Mwongozo huu umejengwa juu ya kanuni moja: neno la pwani lisikutane na neno jingine la pwani, likatizwe na maneno ya ziwani na ya nyumbani.

Hatua ya kwanza: chagua jedwali linalokubali Kiswahili

Wengi huanza kwa kuchukua jedwali la gazeti la Kifaransa, lile lenye miraba michache myeusi, na kujaribu kulijaza kwa Kiswahili. Haliwezekani, na sababu yake ni ya kisarufi. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu. Katika jedwali lililojaa, kila neno la wima linalofika chini huacha herufi yake ya mwisho kwenye mstari wa mwisho. Mstari huo basi unakuwa irabu tupu, kitu kama A-I-U-A-O, ambacho si neno. Safu ya mwisho ya kulia inapata ugonjwa huohuo. Kifaransa hakina shida hiyo kwa sababu maneno yake mengi huishia kwa konsonanti.

Tumia jedwali la wavu, ambalo herufi moja hukatizwa na inayofuata huachwa huru. Chukua karatasi ya hesabu yenye miraba, kata eneo la 11 kwa 11, kisha tia weusi kila mraba ulio kwenye mstari shufwa na safu shufwa. Utapata miraba 25 myeusi kati ya 121. Baadaye utaongeza mingine ili kufupisha maneno. Kwa fumbo la kwanza, 7 kwa 7 inatosha.

Hata hapo, mstari wa mwisho na safu ya mwisho vinataka neno maalumu: lianze kwa irabu, kisha konsonanti na irabu zipokezane hadi mwisho. Hapo herufi zinazokatizwa zote zinakuwa irabu, nazo ndizo maneno ya wima yanazileta. Msamiati wa majini unayo machache ya thamani kubwa: OMO (3), UPEPO (5), AMARI (5), USUKANI (7), ABEDARI (7). Yatunze kwa kazi hiyo. Ukiyatumia mapema katikati ya jedwali, utafika chini mikono mitupu.

Tazama jedwali dogo kabisa, 5 kwa 5, lililokamilika. Alama # ni mraba mweusi.

M K U K U
B # K # Z
A M A R I
V # M # T
U P E P O

Vidokezo vyake:

Mlalo. 1: Boriti ndefu ya chini ambayo chombo chote hujengwa juu yake (5). 4: Amri ikipata A katikati, inashika nanga (5). 5: Haushikiki, lakini hujaza tanga (5).

Wima. 1: Za mtu hulinda moyo, za chombo hubeba mbao (5). 2: Mvua ikikosekana muda mrefu (5). 3: Ukizidi, boti huzama (5).

Maneno mawili ya pwani, MKUKU na AMARI, hayagusani popote. Yanashikiliwa na MBAVU, UKAME na UZITO, ambayo mtoto wa shule anayajua. Lakini jedwali hili lina kasoro, na inafaa kuitazama kwa karibu. Kati ya herufi 9 za makutano, 8 ni irabu. Konsonanti ni M ya mwanzo peke yake. Anayefumbua mlalo wa 1 hubaki na M_U_U, na hapo mkufu, mdudu na mtutu vyote vinaingia. Mkufu unapotosha zaidi, maana mnyororo na chombo cha majini havipishani mbali. Ndiyo maana kidokezo kimetaja boriti na ujenzi. Vivyo hivyo A_A_I isingemsaidia asiyelijua neno amari, ambalo ni kamba nene ya nanga, kwa hiyo kidokezo chake kimempa njia ya pili: chukua "amri", tia A katikati. Mraba ukinyima, kidokezo kilipe.

Dawa ya irabu nyingi

Ili konsonanti zikutane, tumia maneno ya herufi shufwa yanayoanza kwa konsonanti na kwenda kwa mpokezano: MELI na DIRA (4), JAHAZI, GUBETI, RUBANI, FARUMI (6), MANOWARI, MERIKEBU, FOROMALI, KALAFATI (8). Ukilianzisha neno kama hilo kwenye safu ya kwanza, nafasi za 1, 3, 5 na 7 ni konsonanti zote. MANOWARI hutoa M, N, W na R. Irabu ya mwisho inabaki huru, na mraba unaofuata unatiwa weusi.

Kundi la tatu ni bawaba za jedwali, yaani maneno yenye ng, nd, mb au nz katikati, ambayo huvunja mpokezano. BANDARI hutoa B, N, A, I. TANGA hutoa T, N, A. MLINGOTI hutoa M, I, G, T. Kwa bawaba unahama kutoka eneo la konsonanti hadi eneo la irabu bila kukwama. Mtungaji aliyekwama katikati ya jedwali aondoe neno moja la mpokezano, aweke bawaba, na mara nyingi upande wote hufunguka.

Jedwali la silabi

Njia ya pili, ambayo kwa maoni yetu inafaa Kiswahili kuliko ya herufi, ni kuandika silabi moja katika kila mraba. Tatizo la mwisho wa neno linatoweka, kwa kuwa silabi inayomaliza neno moja inaweza kuanza jingine: NA-NGA inapomalizika, NGA hiyohiyo inashuka kuwa NGA-LA-WA. Andika FO-RO-MA-LI kwa mlalo. Kutoka FO shusha FO-RO-DHA, kutoka MA shusha MA-SHU-A, na LI iwe mwisho wa ME-LI inayotoka juu. Hayo ni makutano matatu bila jasho. Manowari inachukua miraba 4 badala ya 8, na nahodha mitatu.

Ugumu wake ni M. Katika mkuku, mlingoti na mtumbwi, M ni silabi kamili na inapewa mraba wake: M-KU-KU, M-LI-NGO-TI, M-TU-MBWI. Katika mbavu au mvua haitengani na inayofuata: MBA-VU, MVU-A. Kipimo cha kawaida ni wingi. Ikiwa M inageuka kwenye wingi (mkuku, mikuku; mvuvi, wavuvi), inasimama peke yake. Ikiwa haigeuki (mvua ni mvua), imefungamana. Andika kanuni hiyo juu ya fumbo, la sivyo wasomaji watagombana kuhusu idadi ya miraba.

Hatua ya pili: kusanya maneno kwa mafungu yake

Usiyakusanye kwa alfabeti. Yakusanye kwa mahali pake kwenye chombo, maana ukikielewa chombo unaandika kidokezo cha kweli, na usipokielewa unanakili kamusi.

Mbele ya chombo ni OMO, nyuma ni TEZI, na chini ndani, maji yanakokusanyika, ni NGAMA. Nakshi na ncha ya mbele ni GUBETI. Chini kabisa ni MKUKU, na juu yake husimama MATARUMA (8), mbavu zenyewe. Juu ni SITAHA (6). Sehemu ya nyuma ya kuwekea mizigo midogo na vifaa ni FEULI (5). USUKANI hugeuza chombo, na mpini wake ni KANA (4). FARUMI ni uzito unaowekwa chini ili chombo kisipinduke kikiwa kitupu, wakati SHEHENA (7) ni mzigo wa biashara. Wengi huyachanganya, na kidokezo kinachosema tu "mzigo wa chombo" kwa FARUMI ni cha uongo.

Kwenye jahazi tanga halining'inii kwenye mlingoti wenyewe. Limefungwa kwenye FOROMALI, mti mrefu unaolala kwa mshazari. HENZA (5) ni kamba nene inayopandisha foromali; huvutwa kwa JARARI (6), kamba inayopita kwenye ABEDARI au RODA (4), yaani kapi. Pembe ya chini ya tanga huvutwa kwa DEMANI (6). Chombo kikienda kuukabili upepo kinakwenda JOSHI (5). Mlolongo huo ukiuchora kwenye karatasi mara moja, vidokezo kumi vinajiandika.

Matengenezo yanayo mawili: KALAFATI, kuziba nafasi za mbao kwa pamba au nyuzi, na DEHENI (6), mchanganyiko wa mafuta na chokaa unaopakwa sehemu ya chini ya chombo. Watu ni NAHODHA (7), SERAHANGI (9), BAHARIA (7), RUBANI (6), KULI (4). Vipimo ni PIMA (4), urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, na BILDI (5), risasi ya kupimia kina. Hali za bahari ni BAMVUA (6), maji makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo, MATLAI (6), upepo wa asubuhi kutoka mashariki, na MALELEJI (8), pepo zisizotulia kati ya misimu miwili.

Sasa ya kwetu, ambayo yatakuwa nguzo za makutano: KIVU, RUZIZI, IDJWI, MINOVA, GOMA, ZIWA, WIMBI, KASIA, NAULI, WAVU, TAA, SAMBAZA. Hili la mwisho ni zawadi. Ni samaki mdogo aliyeletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na huvuliwa usiku kwa taa na mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti. Na ni kitenzi. "Eneza habari, au uwauze kwa bakuli" (7). Kutoka Tanganyika chukua KALEMIE, BARAKA ("Mji wa ziwani unaoombewa kila nyumba") na LIEMBA (6), meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaunganishwa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa 1924 na kurudi kazini 1927. Jina lake la kwanza lilitokana na Götzen, Mjerumani aliyefika Ziwa Kivu mwaka 1894. Kidokezo: "Ilizama kwa makusudi, ikafufuka Tanganyika."

Hatua ya tatu: vidokezo

Kiswahili kina kifaa ambacho Kifaransa kinakitumia kwa shida: upatanisho wa ngeli. Kidokezo "Linalopandishwa ili chombo kiende" kimeshatoboa siri, maana LI- inatafuta neno la ngeli ya LI-YA, nalo ni TANGA. "Inayoteremshwa ili chombo kisiende" ni NANGA. Ukitaka ugumu, tumia hu-, isiyotaja ngeli: "Huteremshwa ili chombo kisiende." Ukitaka urahisi, tumia kiambishi kamili. Usidanganye kamwe. Mtaani husikika "tanga yangu" na "usukani yake", na mtungaji akiandika anavyosema, anampeleka msomaji kwenye ngeli isiyo yake. Kila kidokezo kikaguliwe kwa jibu lake: kama chaanza na "Za", jibu liwe wingi.

Methali zenye pengo ni vidokezo bora kwa maneno magumu, kwa sababu anayeijua methali analipata neno hata kama hajaona chombo: "Dau la mnyonge haliendi ____" (JOSHI). "Chombo cha kuzama hakina ____" (USUKANI). "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ____" (NGAMANI, 7). "Manahodha wengi, chombo huenda ____" (MRAMA, 5). Kwa kila fumbo weka mbili, zisizidi tatu, la sivyo linakuwa mtihani wa methali.

Maneno yenye maana mbili ndiyo yenye ladha zaidi. KANA: "Kataa, ukiwa umeushika mpini wa usukani." KINA: "Mshairi na mpimaji wa bahari wote hukitafuta." TEZI: "Nyuma ya chombo, au uvimbe wa shingoni." RUBANI, aliyeanza majini na sasa yuko angani. HORI: "Mkono wa bahari, au sahani ya ng'ombe." Hakikisha maana zote mbili zimo ndani ya kidokezo, moja ikikosekana, mchezo umegeuka mtego.

Mwisho kuna vya kuchezea herufi. "Radi imevurugika, sasa inaonyesha njia" ni DIRA. "Rais amebadili viti, akawa ncha ya nchi kavu baharini" ni RASI. "Mwanzo wa Tanganyika husukumwa na upepo" ni TANGA. "Daudi bila mwisho wake, majini" ni DAU. OMO husomeka sawa kutoka pande zote mbili: "Ukisoma mbele au nyuma, bado ni mbele ya chombo." Kwa vidokezo vya namna hii, hesabu herufi kwa kidole. Jicho hudanganya, hasa penye A nyingi.

Yanayoharibu fumbo

Tahajia ndiyo ya kwanza. Huku kwetu dh hugeuka z, na sh hugeuka s: nahoza, masua. Katika jedwali la herufi, NAHODHA ni miraba 7, na D na H ni mbili. Fanya mahali hapo pagumu pakatizwe: hakikisha angalau moja ya herufi hizo iko kwenye makutano. L na R zina shida ileile. Alama ya ng' haipewi mraba, kwa hiyo NG'OA ni 4. Iandike kwenye maelezo.

Ya pili ni maneno yenye sura mbili. USUKANI na MSUKANI yote ni ya herufi 7, na yote yanasemwa. Herufi ya kwanza lazima ikatizwe. MERIKEBU na MARIKEBU hutofautiana kwenye herufi ya pili, ambayo katika jedwali la wavu haikatizwi ukianzia safu witiri. Lianzishe kwenye safu shufwa ili E ishikwe. Joshi wengine huita goshi. Ukishindwa kulishika kwa makutano, acha neno hilo.

Ya tatu ni ku- ya vitenzi. Amua tangu mwanzo: mzizi mtupu (TWEKA, ABIRI, KALAFATI) au kitenzi-jina (KUTWEKA). Ukichanganya, msomaji hahesabu vizuri tena.

Kwa anayefumbua

Anza na mapengo ya methali na majina ya mahali. Kidokezo kikitaja kitendo, andika A kwa penseli kwenye mraba wa mwisho. Ikikataa, kitenzi huenda kilitoka Kiarabu, kama SAFIRI au ABIRI. Kidokezo kikiwa cha wingi, jaribu MA-, MI-, VI- au WA- mwanzoni. Ukibaki na irabu tupu kama U_E_O, usiandike upesi: UPEPO inaingia, UWEZO pia. Rudi kwenye kidokezo, tafuta neno linalobagua.

Kabla ya kusambaza

Mpe fumbo mtu mmoja anayefanya kazi bandarini na mwingine asiyeingia botini kamwe, bila kumsaidia yeyote. Tia alama kila mraba walikokwama wote wawili. Mraba huo una kosa la makutano, si la kidokezo, na kubadilisha maneno ya kidokezo hakutautibu. Ondoa neno moja kati ya mawili yanayokutana hapo. Walikokwama mmoja tu, rekebisha kidokezo. Majibu yachapishwe siku nyingine, na kwa kila neno la pwani weka mstari mmoja wa maana: "Henza: kamba nene ya kupandishia foromali." Wiki inayofuata, lirudishe neno hilo kwa kidokezo kipya. Safari hii halihitaji methali wala herufi za kuchezea, kwa sababu msomaji ameshakutana nalo.